Kolwezi: Mvumo wa gurudumu ambao shofa hapaswi kuuzoea

KOLWEZI, Lualaba – Inaanza kidogo sana. Gari likifika kilometa 50 au 60 kwa saa, kunasikika mvumo mwembamba upande mmoja, kama ndege inayopita mbali. Likipunguza mwendo, mvumo unakwisha. Shofa anafikiri ni tairi au ni ubaya wa barabara, anaongeza sauti ya redio, na safari inaendelea. Wiki chache baadaye abiria wa nyuma wanalazimika kupaza sauti ili wasikilizane. Bado gari linatembea, na kwa sababu linatembea, hakuna anayelipeleka garaji.

Mara nyingi sauti hiyo ni ya beringi ya gurudumu, ile ambayo mafundi wa hapa wanaiita kwa Kifaransa roulement. Ni kipande kidogo kinachoenea katika kiganja cha mkono, na mtu anaweza kumiliki gari miaka kumi bila kukiona kwa macho. Lakini gari zima, pamoja na watu na mizigo yao, linasimama juu ya vipande hivyo kwenye magurudumu manne. Katika mji kama Kolwezi, ambako Toyota nyingi zinazobeba abiria zilikwisha kufanya kazi miaka kumi na zaidi huko Japani kabla ya kushushwa bandarini Dar es Salaam na kupita Zambia hadi Kasumbalesa, beringi hizo zinafika zikiwa zimechoka tayari.

Kuna pia tatizo lisilo la chuma. Taksi nyingi si mali ya shofa anayeziendesha. Shofa anasikia mvumo tangu asubuhi hadi usiku, lakini matengenezo yanatoka mfukoni mwa mwenye gari, ambaye hausikii kwa kuwa hapandi gari hilo. Siku moja garaji ni siku moja bila mapato, na pesa ya kila siku inangojwa jioni ileile. Basi kila mmoja anamwachia mwenzake, na beringi inaendelea kujila. Anayekaa katikati ya hesabu hiyo bila kujua ni abiria.

Chuma kinachozunguka mara 500 kwa kila kilometa

Beringi ni pete mbili za chuma kigumu, moja ndani ya nyingine, na katikati yake kuna mipira au vigogo vidogo vya chuma vinavyobiringika. Kikapu chembamba kinavitenganisha visigongane, grisi inavilainisha, na mpira wa kuziba unakaa pande zote mbili ili grisi isitoke na uchafu usiingie. Wazo hilo ni la kale. Philip Vaughan, Mwelshi aliyekuwa na kiwanda cha chuma, alipata hati ya ugunduzi mwaka 1794 kwa ekseli ya gari la farasi iliyozunguka juu ya mipira. Mwaka 1898 Henry Timken, mtengenezaji wa magari ya farasi huko St. Louis, Marekani, alipata yake kwa vigogo vyenye umbo la pia, ambavyo vinabeba uzito wa juu na msukumo wa pembeni kwa pamoja. Tangu hapo kanuni haikubadilika sana. Kilichobadilika ni ubora wa chuma, ambacho uso wake sasa unasuguliwa hadi kuwa laini sana.

Ni ulaini huo unaoifanya beringi iishi, na ni huo pia unaoifanya iwe dhaifu mbele ya vumbi. Tairi la ukubwa wa 185/65 R15, linalovaliwa na Toyota ndogo nyingi, linazunguka mara 500 na kidogo katika kila kilometa. Kutoka Lubumbashi hadi Kolwezi, safari ya kilometa 300 hivi kupitia Likasi na Fungurume, kila gurudumu linazunguka zaidi ya mara 150,000. Chembe moja ya mchanga ikiingia ndani inasagwa katika mizunguko hiyo yote. Inachimba shimo dogo, kingo za shimo zinabomoka na kuwa chembe nyingine, na chembe hizo zinachimba mashimo mapya. Mvumo anaousikia shofa ni mipira ikipita juu ya mashimo hayo.

Uzito nao una hesabu yake, na watu wengi wangeshangaa kuijua. Wahandisi wanakadiria umri wa beringi ya mipira kwa kanuni ya mara tatu: uzito ukiongezeka, umri unapungua kwa kiasi cha ongezeko hilo likizidishwa lenyewe mara tatu. Ukiongeza robo tu ya uzito, umri unapungua karibu nusu. Ukiongeza mara mbili, unabaki moja ya nane. Gari dogo lenye shofa peke yake lina kilo 1,100 hivi. Likipakia wawili mbele na wanne nyuma, pamoja na magunia yao, linaweza kufika kilo 1,550, yaani asilimia 40 zaidi. Kwa hesabu ya karatasi, umri wa beringi unabaki zaidi kidogo ya theluthi moja, na kwa magurudumu ya nyuma ni vibaya zaidi kwa sababu mzigo mwingi uko huko. Ni makadirio ya chuma kisafi chenye grisi safi. Barabarani mambo mengine yanaingia.

Vumbi la kiangazi, maji ya mvua

Lualaba inazishambulia beringi mwaka mzima, kwa njia mbili. Wakati wa kiangazi, tangu mwezi wa tano hadi wa kumi hivi, malori ya migodi yanainua vumbi ambalo linatua kila mahali, na gari dogo linalofuata nyuma ya lori linatembea ndani ya wingu. Vumbi lenyewe haliingii kirahisi ikiwa mpira wa kuziba ni mzima. Lakini kwenye gari la miaka 18 mpira huo umekauka na mdomo wake umelika, na vumbi linaganda juu ya grisi inayovuja kidogo kidogo.

Mvua zinapoanza, hatari inageuka. Gari limetembea, breki zimetumika sana, kitovu cha gurudumu ni cha moto. Mbele kuna dimbwi, labda kwenye barabara ya ndani ya Manika au njiani kuelekea Kasulo, na gari linaingia. Chuma cha moto kinapokutana na maji baridi, hewa iliyo ndani ya beringi inapoa ghafla na kujikunja, ikivuta kile kilicho nje. Maji yanapita chini ya mpira uliochoka. Grisi inabadilika na kuwa kama maziwa, kutu inaanza, na miezi miwili baadaye, wakati dimbwi limekwisha kusahauliwa, mvumo unaanza. Kwa hiyo shofa anayelazimika kupita kwenye maji marefu anafaidika akisubiri dakika chache gari lipoe. Mashine za kuoshea zenye nguvu zinafanya kosa hilohilo kwa namna nyingine: mrija ukielekezwa karibu, moja kwa moja katikati ya gurudumu, maji yanasukumwa mahali ambapo mvua yenyewe isingefika.

Vilevile kuna shimo la barabara. Pigo moja kali, hasa gari likiwa limejaa, linaweza kukandamiza mipira hadi iache alama kwenye pete. Rimu haikupinda, tairi halikupasuka, shofa anashukuru Mungu na kuendelea. Mvumo utakuja baadaye.

Namna ya kuitambua bila mashine

Jambo la kwanza ni kutofautisha beringi na tairi, kwa sababu wengi wamenunua tairi mpya na kurudi na mvumo uleule. Sauti ya tairi inabadilika kufuatana na barabara: kwenye lami laini inapungua, kwenye lami mbaya inaongezeka. Sauti ya beringi haijali barabara, inafuata mwendo tu. Ukibaki na mashaka, badilisha tairi za mbele zikae nyuma. Sauti ikihama, ni tairi. Jaribio hilo halina gharama ila jasho.

Kisha sikiliza kwenye kona ndefu au pinda kidogo kushoto na kulia mahali penye nafasi. Gari likipinda kushoto, uzito unahamia upande wa kulia. Mvumo ukiongezeka hapo, shuku la kwanza ni beringi ya kulia, na kinyume chake. Si kanuni ya asilimia mia, lakini inaelekeza mkono. Sauti ya tak-tak wakati wa kupinda sana polepole ni habari nyingine, hiyo kwa kawaida ni kadani.

Baada ya hapo gari linainuliwa. Hapa mafundi wa pembeni mwa barabara wanajua kinachopasa kufanywa na mara nyingi hawakifanyi: jeki peke yake haitoshi. Weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini, na uweke kisimamo cha chuma au hata tairi la akiba lenye rimu yake chini ya bodi. Shika gurudumu juu na chini, sukuma na uvute. Likicheza, mwombe mtu akanyage breki huku ukiendelea kulitikisa. Mchezo ukipotea breki ikikanyagwa, ni beringi. Ukibaki, tazama rotili na vipande vingine vya chini. Mchezo wa kushoto na kulia tu mara nyingi unatoka kwenye usukani.

Beringi inaweza kuwa mbovu bila kucheza hata kidogo. Ndiyo sababu jaribio lililo bora zaidi ni la vidole: gia ikiwa huru, zungusha gurudumu kwa mkono mmoja na uweke vidole vya mkono mwingine juu ya resori. Beringi nzima haisemi kitu. Iliyoharibika inaleta mtetemo wa mchanga mpaka kwenye vidole, hata kama sikio halijasikia.

Mtu akiacha dalili hizo zote, zinafuata zile za mwisho. Kitovu kinaanza kuyumba na diski ya breki inayumba nayo, ikirudisha pedi ndani, kwa hiyo pedali ya breki inashuka chini zaidi kuliko kawaida kwenye mkanyago wa kwanza. Baadhi ya magari yanawasha taa ya ABS. Joto linapanda, grisi inayeyuka na kutoka, mipira inakauka na kuvunjika. Kwenye magurudumu ya mbele ya Toyota ndogo, nati ya ekseli inaweza kukishikilia kitovu kwa muda. Hilo linawadanganya watu. Linarefusha tu safari ya gari ambalo halipaswi tena kubeba mtu.

Nyundo au presi

Sehemu kubwa ya beringi mpya zinazokufa mapema hazifi kwa sababu ya barabara. Zinauawa siku ya kufungwa.

Kwenye magari kama Vitz, IST na Corolla za miaka ya 2000, beringi ya mbele imeingizwa kwa nguvu ndani ya chuma kinachobeba gurudumu, ambacho mafundi wanakiita fusée, na kitovu kimeingizwa kwa nguvu ndani ya beringi. Kanuni ni moja na ni rahisi kuieleza: nguvu isipite kamwe kwenye mipira. Ukiingiza beringi ndani ya fusée, sukuma pete ya nje. Ukiingiza kitovu ndani ya beringi, pete ya ndani lazima iegemee juu ya bomba imara kutoka upande wa pili. Nyundo haiwezi kuheshimu kanuni hiyo. Kila pigo linapita kwenye pete moja, linavuka mipira, linafika kwenye pete nyingine na kuacha alama ndogo ambazo jicho halizioni. Gari linatoka garaji kimya, mteja analipa, na baada ya muda mfupi mvumo unarudi. Watu wanasema beringi za siku hizi hazina maana. Huenda ilikuwa nzuri kabisa.

Garaji isiyo na presi haina sababu ya kuona haya. Inaweza kufungua fusée nzima na kuipeleka kwa mwenye presi, kazi ya dakika chache kwake. Ujuzi huo si mgeni katika nchi ya shaba: kizazi kizima cha mafundi wa mitambo kilifundishwa katika karakana za Gécamines, kama zile za Panda huko Likasi, na wafanyakazi zaidi ya 10,000 walioondoka katika kampuni hiyo kwa mpango wa kuacha kazi kwa hiari uliofanyika kuanzia 2003 walitawanyika na ujuzi wao katika miji ya Katanga. Mteja ana haki ya kuuliza swali moja kabla ya kuacha gari: mtaiingiza na nini?

Kwa sababu hiyohiyo, kununua beringi ya namna hii iliyotolewa kwenye gari lililobomolewa ni kutupa pesa. Kuitoa tu kumelazimisha nguvu kupita kwenye mipira, na imekwisha kuumia kabla ya kufika sokoni. Ile ya nyuma kwenye magari mengi hayo ni tofauti. Inakuja pamoja na kitovu chake na inafungwa kwa bolti nne, kwa hiyo inaweza kutolewa bila kuumia. Hata hivyo hakuna anayejua imetembea kiasi gani.

Halafu kuna nati ya katikati. Toyota ndogo nyingi zinahitaji ikazwe kwa zaidi ya nyutoni-mita 200, nguvu inayopimwa kwa ufunguo maalumu. Si urembo: ni nati hiyo inayozibana pete mbili za ndani pamoja. Ikiachwa nusu, beringi mpya inacheza na kujila; na hata kulishusha gari juu ya magurudumu na kulisukuma kabla nati haijakazwa kunatosha kuiharibu. Nati yenyewe ni ya kubadilishwa, kisha mdomo wake unapigwa ndani ya mfereji wa ekseli ili isifunguke.

Boksi zuri halitoshi

Majina ya Koyo, NSK, NTN, SKF na Timken yanaigizwa duniani kote, na soko la vipuri la Kolwezi halina ukuta wa kuzuia vitu hivyo. Boksi limechapwa vizuri, chuma kinang'aa, lakini ndani kunaweza kuwa na chuma laini au beringi ya zamani iliyosuguliwa upya. World Bearing Association, chama kinachokutanisha watengenezaji wa Marekani, Ulaya na Japani, kina programu ya simu inayoitwa WBA Bearing Authenticator, ambayo inasoma kodi iliyo kwenye maboksi ya baadhi ya majina hayo na kusema kama inajulikana. Ni kazi ya nusu dakika, na inafanyika mbele ya muuzaji.

Zaidi ya jina, soma namba iliyochorwa kwenye pete. Maandishi yanayoanza na DAC4074, kwa mfano, yanaonyesha beringi ya safu mbili yenye tundu la milimita 40 na upana wa nje wa milimita 74. Namba ya pete na ya boksi lazima zifanane. Beringi yenye namba iliyofutika au maandishi yanayokwaruzika kwa ukucha ibaki mezani kwa muuzaji.

Hiace za zamani: grisi bado ina kazi

Beringi za Toyota ndogo hazitiwi grisi. Zimefungwa kiwandani, na fundi anayetaka kuzifungua ili aziongeze anaziharibu. Lakini Hiace za zamani zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma, pamoja na pikapu nyingi za wakati huo, zina mbele vigogo vyenye umbo la pia, viwili kwa kila gurudumu, na hizo zinahitaji mkono wa mtu. Desturi ni kuzifungua kila kilometa 40,000 hivi, na mapema zaidi kwa gari linaloishi katika vumbi au linalovuka maji.

Zinaoshwa kwa mafuta, zinakaushwa kabisa, na kigogo chochote chenye doa la bluu, kutu au ngozi inayochubuka kinamaanisha beringi nzima na kikombe chake vinabadilishwa pamoja. Grisi ni ile ya magurudumu inayovumilia joto, inasukumwa kwa kiganja hadi itokeze upande wa pili kati ya vigogo. Kujaza kitovu chote hakusaidii, kunaongeza joto tu. Aina mbili za grisi zisichanganywe.

Kukaza ndiko kunakoshinda wengi. Nati inakazwa huku gurudumu likizungushwa ili vigogo vikae mahali pake, kisha inalegezwa, kisha inarudishwa kwa mkono mpaka mchezo upotee, na pini mpya inatiwa. Fundi anayeikaza kwa nguvu zote akifikiri anaiimarisha anaiua haraka kuliko yule aliyeiacha na mchezo mdogo sana, kwa sababu vigogo vilivyobanwa havina pa kuweka joto.

Kwa anayetoka Kolwezi kuelekea Dilolo, zaidi ya kilometa 400 za barabara ambako garaji ni chache na udongo ni mwingi, kuna kipimo kimoja cha njiani kisichohitaji chombo. Baada ya kilometa 30 za kwanza simama polepole, bila kukanyaga breki sana, na upitishe mgongo wa mkono karibu na katikati ya kila gurudumu bila kuligusa. Linganisha kulia na kushoto, si mbele na nyuma, kwa kuwa breki za mbele zinapata joto zaidi kwa kawaida. Moja likiwa la moto sana kuliko lenzake, ama breki inashika ama beringi inaungua. Dondosha matone ya maji juu yake. Yakichemka papo hapo wakati upande wa pili ni wa vuguvugu, gari hilo lirudi Kolwezi polepole na bila abiria, wala lisijaribu kufika Mutshatsha.